Huria si bure: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya maktaba zetu

Kwa wizara yenye dhamana ya elimu. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Wakuu wa vyuo. Na wakurugenzi wa halmashauri zenye maktaba, pamoja na zile ambazo bado zinaahidi kuwa nazo.

YAH: MFUMO WA KUENDESHEA MAKTABA, NA KIFUNGU CHA BAJETI KINACHOSAHAULIKA

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mkutubi wa chuo kimoja cha mkoani. Kazi hii niliianza enzi za kadi za katalogi na droo zake za mbao, nikapita kwenye kompyuta ya kioo cheusi na maandishi ya kijani, na sasa niko kwenye kile ambacho barua zenu hukiita "mfumo wa kielektroniki wa usimamizi wa maktaba". Sina cheo cha kumfundisha mtu kazi. Nina kiti cha kaunta tu, na aliyekalia kiti hicho huona mambo ambayo hayafiki kwenye taarifa ya robo mwaka.

Msimu wa bajeti ukikaribia, swali la mfumo hurudi, na majibu huwa mawili. Wapo wanaosema tununue mfumo wa nje, wenye kampuni, leseni na namba ya simu ya kupiga mambo yakiharibika. Wapo wanaosema tuchukue Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba, kwa kuwa ni ya bure, na palepale kifungu cha mfumo kinafutwa, fedha zinahamia kwenye viti vya ukumbi. Nimefanya kazi chini ya majibu yote mawili. Yote mawili yaliniacha na daftari na rula mkononi.

Nianze na la kununua. Chuo nilichokuwa kabla ya hiki kilikuwa na mfumo wa nje, wa kupendeza kweli kweli. Leseni ililipwa kwa dola, kila mwaka. Miaka mitatu mambo yakaenda vizuri. Mwaka wa nne fedha zikachelewa, sababu zake mnazijua kuliko mimi, na Jumatatu moja, wiki mbili kabla ya mitihani, nikawasha kompyuta ya kaunta nikakuta kidirisha kinaomba ufunguo mpya. Ukibofya "ghairi", programu inajifunga. Foleni ya wanafunzi ilikuwa imeshafika mlangoni. Nikatoa daftari, nikachora mistari: jina, namba ya usajili, kitabu, tarehe ya kurudisha. Muhula mzima tuliumaliza hivyo.

Leseni kuisha si ajabu, mkataba ulisema wazi. Kilichoniuma ni kilichofuata. Tulipoamua kuachana na mfumo ule tukaomba tupewe rekodi zetu, zile tulizoziandika wenyewe, kitabu kimoja kimoja, kwa miaka. Likaja faili la Excel ambamo mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji na mwaka vimebanwa kwenye kisanduku kimoja. Apostrofi zote zilikuwa zimegeuka alama za kuuliza, kwa hiyo kila ng'ombe wa maktaba ile alikuwa "ng?ombe". Likizo mbili zikaisha tukiandika upya kazi ambayo tulikwisha kuifanya, na ambayo kwa hesabu zote ilikuwa mali yetu.

Kwa hiyo nilipohamia chuo cha sasa nikakuta kinatumia Koha, nilifurahi kama mtu aliyepangiwa shule ya karibu na kwao.

Wengi mmelisikia jina la Koha bila kujua lilikotoka, nami naomba mnivumilie nilieleze, kwa sababu hoja yangu yote iko hapo. Mwaka 1999, katika mji mdogo wa Levin, New Zealand, wakutubi wa Horowhenua Library Trust walikuwa na shida ambayo yeyote kati yetu angeitambua. Mfumo wao wa zamani haukujua namna ya kuvuka kuingia mwaka 2000. Matawi yao yalikuwa mbali, na mawasiliano ya kuyaunganisha yalikuwa ya laini za simu za kawaida. Wakaiita kampuni ndogo ya programu, Katipo Communications, ikawaandikia mfumo unaofunguka kwenye kivinjari cha intaneti, mwepesi wa kupita kwenye modemu ya simu. Ukaanza kazi siku za mwanzo za Januari 2000. Halafu, badala ya kuuuza, wakauachia chini ya leseni ya GPL: yeyote auchukue, aufungue aone ulivyoandikwa, aubadilishe apendavyo, na akiusambaza kwa wengine auache wazi vilevile.

Hawakuwa wizara wala chuo kikuu cha kujulikana. Walikuwa maktaba ya wilaya, na programu waliyoianzisha leo inaendesha maktaba sehemu nyingi za dunia.

Neno lenyewe ni la Kimaori. Koha ni zawadi, ila ni zawadi ya namna anayokwenda nayo mgeni, ambayo mwenyeji akiipokea anajua kuna siku zamu yake itafika. Sisi hatuna haja ya kuelezwa sana. Bakuli la futari likitoka kwa jirani halirudi tupu.

Na kweli bakuli lile limerudi na vitu. Maktaba ya umma ya Nelsonville, huko Ohio, Marekani, ilitoa fedha Koha ifundishwe kusoma rekodi za MARC, muundo ambao maktaba duniani hutumia kubadilishana taarifa za vitabu. Na Mfaransa mmoja ndiye aliyeifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Wanaijeria wakaupokea mkutano wa dunia wa watumiaji wa Koha pale Ibadan mwaka 2015. Uturuki, wizara inayohusika na utamaduni iliamua, maktaba za umma zaidi ya 1,000 zikahamia kwenye Koha. Ilipotokea kampuni moja ya Marekani ikataka kulimiliki jina la Koha huko huko New Zealand, maktaba ile ndogo ilipiga kelele mwaka 2011, watu wa nchi nyingi wakachanga, na mwishoni mwa 2013 uamuzi ukatoka dhidi ya kampuni. Programu ya namna hii ina watu nyuma yake, na watu hao hujuana.

Sasa niwaambie sisi tuliipokeaje.

Chuoni kwetu Koha iliwekwa na kijana wa TEHAMA, mwerevu, kwa siku mbili, kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa chini ya meza ya ofisi ya manunuzi. Hakuna aliyempa siku wala posho kwa ajili hiyo. Aliifanya baada ya saa za kazi. Ilikwenda vizuri karibu miaka minne. Kisha akapata kazi benki, Dar es Salaam, akaondoka na nenosiri la seva kichwani mwake. Hakuwa na nia mbaya, ila hakuna aliyemwuliza, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jukumu la kumwuliza. Toleo likabaki lilelile. Namba za matoleo ya Koha ni mwaka na mwezi, 24.11 ni la Novemba 2024, na kila Mei na kila Novemba hutoka jipya. Letu lilianza na 17.

Mwaka huo wa nne, mwezi Julai, diski ikafa.

Nikatulia. Nilikuwa nimesoma kwamba Koha ikiwekwa kwa utaratibu wake wa kawaida hujifanyia bakapu yenyewe kila usiku. Ni kweli, hujifanyia. Lakini bakapu hiyo huiweka kwenye mashine ileile, na hubakiza za siku chache tu. Inayobaki ni kazi ya binadamu, kuichukua na kuipeleka kwingine. Hapakuwa na binadamu. Ni kama kuning'iniza ufunguo wa akiba ndani ya nyumba unayoifunga. Tuliokolewa na flashi moja iliyokuwa kwenye droo ya stempu, ambayo yule kijana alikuwa ameiweka miezi saba nyuma. Miezi saba ya kuazimisha ikafutika. Vitabu vilivyokuwa nje vikasomeka viko rafuni, na wasomaji waliokwisha kurudisha wakasomeka wanadaiwa faini. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu nusura akwame kuhitimu kwa kitabu alichokirudisha mbele ya macho yangu.

Lugha yetu ina busara yake. Neno bure ni kitu kisicholipiwa, na bure ni jasho lililopotea. Chuo kiliichukua Koha kwa maana ya kwanza kikaishia kwenye ya pili.

Huria ni neno jingine: kitu unachoruhusiwa kukifungua na kukibadilisha. Kizazi changu kiliionja tofauti hiyo kwa vitendo: UNESCO ilitoa toleo la kompyuta ndogo la CDS/ISIS, programu ya kuhifadhi na kutafuta taarifa za vitabu, mwaka 1985, ikagawiwa bila malipo, na maktaba za vyuo na taasisi za utafiti za ukanda huu ziliitegemea miaka mingi. Mimi mwenyewe nimeifundisha. Ilikuwa ya bure, ila ndani yake hatukuweza kuingia. Ilipozeeka tulizeeka nayo, tukisubiri ofisi ya Paris iamue la kufanya. Koha iko wazi hadi uvunguni. Hakuna wa kumsubiri. Ubaya wa kutokuwa na wa kumsubiri ni kwamba usipofanya wewe, hakifanyiki.

Na liko jambo moja ambalo tusipolifanya sisi hakuna mtu duniani atakayelifanya. Hapa naomba nikae kidogo.

Muhula uliopita alikuja binti wa mwaka wa kwanza, anasomea elimu ya msingi. Akakaa kwenye kompyuta ya kutafutia, akaandika "walimu". Yakatoka matokeo matatu. Akaniuliza, "Mwalimu, ndivyo hivi tu?" (chuoni kwetu hata mkutubi ni mwalimu). Nikamgeuza aangalie nyuma yake. Rafu mbili zilikuwa zimejaa. Vile vitabu vingine majina yake yalikuwa na "mwalimu", "ualimu", "kufundisha". Kompyuta haikujua kwamba mwalimu na walimu ni mtu yuleyule.

Programu za kutafutia zilizaliwa kwenye lugha ambazo neno hubadilika mwishoni. Zimefundishwa kukata mkia: toa herufi za mwisho, bakiza shina, tafuta. Koha ina chombo cha kazi hiyo kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na lugha nyingine kadhaa. Kiswahili hakimo. Nami silalamiki, kwa sababu Kiswahili hata kama kingekuwamo kwa utaratibu huo kisingefaa, maana sisi neno hubadilika kichwani. Kitabu, vitabu. Mti, miti. Chakula, vyakula. Jino, meno, hapo ndipo mgeni hushika kichwa. Ile alama ya nyota ambayo kila mafunzo ya wakutubi hutueleza tuiweke mwishoni mwa neno ili tupate aina zake zote, kwetu hufanya kazi ndogo sana. Andika "kisima*" upendavyo, visima havitatoka.

Dawa yake si kukata tu vichwa. Mtu asiyejua lugha akiambiwa "ki" ni umoja na "vi" ni wingi atatuletea mji wa Vigoma na wilaya ya Vibaha. Lazima akae mtu anayezijua ngeli kama alivyozinywa kwa mama yake, pamoja na anayejua kuandika programu, wapange nini kiende na nini. Bahati nzuri si lazima kuanza na makubwa. Koha ya sasa inaweza kutumia programu ya kutafutia iitwayo Elasticsearch, na humo unaweza kuweka orodha ya kawaida kabisa ya maneno yanayohesabiwa kuwa sawa: mwalimu na walimu mstari mmoja, kisima na visima mstari mwingine. Orodha ya maneno elfu chache yanayotumika kwenye majina na mada za vitabu ingebadilisha maisha ya kila maktaba inayohifadhi Kiswahili, kuanzia kwetu hadi Mombasa, Bujumbura na Lubumbashi. Tukiirudisha kwenye bakuli la Koha, hata maktaba ya chuo cha Ulaya yenye rafu moja ya Kiswahili itaipata siku ileile.

Mfumo wa kununua ungetufanyia hivi? Niliwahi kuuliza. Jibu, kwa ufupi, lilikuwa kwamba ombi limepokelewa. Soko letu ni dogo mno kwa kampuni ya mbali kuhangaika na KI-VI.

Apostrofi nayo ina mambo yake. Mwenzangu mmoja hunakili majina ya vitabu kutoka kwenye faili la kuandikia barua, ambako apostrofi hujipinda yenyewe. Mimi huipiga moja kwa moja, inatoka iliyonyooka. Kwa jicho ni ileile. Kwa kompyuta ni herufi mbili, na kwa hiyo tuna ng'ombe wa mwenzangu na ng'ombe wangu, hawakutani zizini. Halafu majina ya waandishi. Juma Hamisi awekwe chini ya J au chini ya H? Hamisi ni baba yake, si jina la ukoo kwa maana ya Kizungu, lakini kisanduku kinadai jina la ukoo kwanza. Nimeona mwandishi mmoja akiwa watu wawili kwenye katalogi moja. Haya si ya mtaalamu wa kompyuta hata kidogo. Ni ya wakutubi kukaa mezani na kuandika kanuni moja, na wa kutuita mezani ni ninyi.

Tena kuna hili la kunakili rekodi. Mkutubi mwenye Koha haandiki kila kitabu upya: anaingiza ISBN, namba inayokitambulisha kitabu, mfumo unauliza maktaba nyingine kwa itifaki iitwayo Z39.50, rekodi inakuja imekamilika, anaongeza namba ya rafu yake basi. Kitabu cha uhasibu kutoka Uingereza ni suala la sekunde. Cha Kiswahili kilichochapwa Dar es Salaam je? Mara nyingi nakipata, na kila nikikipata najisikia vibaya, kwa sababu nakipata Washington. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya machapisho ya ukanda wetu, na kazi yao ni nzuri. Lakini kitabu kimechapwa mwendo wa daladala mbili kutoka Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na maelezo yake nayafuata ng'ambo ya bahari, mada zake zikiwa zimeandikwa kwa Kiingereza.

Bodi ndiyo inayotoa ISBN kwa wachapishaji wa nchi hii, na sheria inawataka wachapishaji wawasilishe nakala za vitabu vyao kwake. Yaani kila kitabu hupita kwenye mikono yake kabla hakijafika kwangu. Ombi langu hapa ni jepesi kulieleza: rekodi ya kila kitabu hicho itengenezwe mara moja, hapo, kwa Kiswahili na Kiingereza, na iwekwe kwenye seva ambayo Koha ya maktaba yoyote, ya chuo, ya halmashauri, ya shule ya sekondari Namtumbo, inaweza kuiuliza. Programu ya kufanya hivyo ni Koha hiyohiyo. Kinachotakiwa ni seva inayowaka, na watu wawili watatu ambao kazi yao ni hiyo wala si "pamoja na majukumu mengine".

Nafika kwenye fedha, kwa sababu najua ndipo mlipokuwa mnasubiri.

Chukueni kile ambacho mngelipia leseni. Msikifute. Kihamisheni kutoka kifungu cha leseni kwenda kifungu cha watu. Siombi mtaalamu kwa kila maktaba. Maktaba ya halmashauri yenye wafanyakazi wawili haiwezi kuwa na mtaalamu wake wa seva na haina haja. Vyuo vitano vya kanda moja vinaweza kuchangia fundi mmoja anayeijua Koha, awe na mshahara, usafiri, na msaidizi anayejua anachokijua yeye, ili siku benki ikimchukua (na itamchukua) tusibaki na flashi ya droo ya stempu. Seva iwe ndani ya nchi, na pale mtandao unapoyumba sana iwe ndani ya jengo, kwa sababu Koha kwenye mtandao wa ndani huendelea kuazimisha hata intaneti ikikatika siku nzima. Bakapu itoke nje ya jengo kila usiku. Kila robo mwaka mtu ajaribu kuirejesha, maana bakapu ambayo haijawahi kujaribiwa ni tetesi.

Wakutubi wapya wanatoka Chuo cha Ukutubi cha Bagamoyo na kwenye vyuo vikuu. Wafundishwe Koha kwa kuivunja na kuiunga, isiwe kwa kutazama picha zake ubaoni. Na pawe na utaratibu wa kuwafadhili vijana wa kompyuta wenye mradi wa mwisho wa masomo, wachukue tatizo moja la kweli la maktaba badala ya kuandika mfumo mwingine mpya wa kusajili wanafunzi ambao utakufa siku ya mahafali. Orodha ya ngeli ni mradi. Kutafsiri maneno ya skrini yote kwa Kiswahili sanifu ni mradi, nao unahitaji kukubaliana kwanza: tuseme "azimisha" au "kopesha"? "Hifadhi kitabu" kwa maana ya kukiwekea nafasi, au mtu atadhani kinapelekwa stoo? Kila badiliko linaloletwa kwenye Koha hujaribiwa na mtu mwingine kabla ya kukubaliwa, na mtu huyo si lazima awe mwandishi wa programu. Mkutubi wa kawaida anaweza kulijaribu kwenye kivinjari chake na kuweka sahihi kwamba linafanya kazi. Nimeshafanya hivyo mara mbili. Sikulipwa, lakini nilivimba kichwa wiki nzima.

Nimesikia pia hoja ya usalama: kitu kilicho wazi kila mtu anaona ndani yake, je, si hatari? Wezi hawajawahi kuhitaji ramani ya nyumba. Wanahitaji mlango uliosahauliwa, na toleo letu la 17 lilikuwa mlango huo, bila kosa la Koha. Hoja nzito zaidi ni ya taarifa za wasomaji. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, orodha ya nani kaazima nini si jambo la kuachwa kwenye kompyuta chini ya meza. Aliyeazima kitabu cha kuishi na virusi vya Ukimwi hapaswi kujulikana na kila anayekaa kaunta miaka mitano baadaye. Koha inaweza kufuta jina la msomaji kwenye historia kitabu kikirudi, na msomaji akachagua mwenyewe. Lakini mpangilio huo lazima mtu auwashe. Chuoni kwetu haukuwa umewashwa, na kosa hilo ni langu. Nimeuwasha mwaka jana.

"Likiharibika tumshike nani?" aliniuliza bosi wangu mmoja, mtu mwema. Ni swali la haki. Nikamuuliza, lile la ufunguo tulimshika nani? Zipo kampuni zinazotoa huduma ya Koha kwa mkataba, na mkataba na kampuni hizo mimi siupingi, mradi fundi wa leo akishindwa umlete mwingine kesho bila kuhamisha hata kitabu kimoja. Na hata mkiamua kununua mfumo uliofungwa, uamuzi ni wenu, basi kwenye zabuni muweke sharti moja tu: rekodi zote za vitabu zitoke kwa muundo wa MARC, na za wasomaji kwa muundo unaosomeka, wakati wowote, bila malipo. Atakayesita kulitia sahihi sharti hilo, mmeshamjua.

Kuhusu yule binti: alivipata vitabu vyake, akaazima vitatu, akavirudisha kwa wakati. Tangu siku ile ninaandika. Kwenye kaunta ya kuazimishia, kushoto kwa mashine ya kusomea misimbopau, kuna daftari la kurasa 96. Kila msomaji anapotafuta neno likakataa, naliandika, na kando yake neno ambalo lingefaa: wakulima, mkulima, kilimo, meno, jino, mashairi, shairi, ushairi, utenzi. Nimefika ukurasa wa 61. Kijana mtakayemlipa kuifanya kazi hii namkaribisha alifuate daftari; saa za maktaba ni kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, Jumamosi tunafunga saa saba. Naomba tu aje na kompyuta yake, kwa kuwa zetu mbili bado ziko kwa fundi.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkutubi, kaunta ya kuazimishia